Mpima Hotuba wa Kiti cha Nyuma

Walimu wapya, mmeniomba niwaandikie kuhusu somo la Kuzungumza Hadharani, kwa sababu wengi wenu mmelikuta limeshakaa kwenye ratiba na hamjui lilivyokuwa likiendeshwa. Nimekubali kwa kuwa sasa ninao muda. Barua iliyoniondoa inasema nimestaafishwa ili kupunguza wafanyakazi, na chini kabisa inanitakia maisha mema. Umri wangu bado unaniruhusu kulima na kusoma, kwa hiyo sina manung'uniko. Nitapanga mambo yangu kama nilivyozoea: siku za kwanza, vifaa, mtu aliyenifundisha, halafu safari moja ya kijijini ambayo mpaka leo nikiikumbuka shambani hujikuta nimesimama na jembe mkononi, uso unawaka, wala hakuna mtu anayenitazama isipokuwa mbuzi wa jirani.

Niliingia chuoni kwetu pale Igoma kama mpiga chapa. Wakati ule chuo kilikuwa kinafundisha makatibu na watunza ghala wa vyama vya msingi vya ushirika, watu wa pamba kwa sehemu kubwa. Kazi yangu ilikuwa kuchapa maelezo ya walimu kwenye stensili, kisha kuyazungusha kwenye mashine ya kurudufu mpaka vidole viwe vyeusi. Shule niliishia darasa la nane. Lakini stensili ina tabia yake: ukikosea herufi unapaka dawa ya kufutia, unasubiri ikauke, na wakati unasubiri huna la kufanya ila kusoma ulichochapa. Sehemu kubwa ya elimu yangu niliipata nikisubiri dawa ikauke. Nyumbani nilikuwa nasikiliza hotuba kwenye redio na kuandika mifupa yake: ameanza na nini, ameingia wapi kwenye hoja, ametokaje. Mke wangu aliwahi kuwauliza majirani kama kuna ugonjwa wa namna hiyo.

Mkuu wa somo alikuwa Mzee Rwegasira, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti hata kwenye bwalo. Siku moja alikuja ofisini ameshika maelezo yake niliyomchapia.

"Bundala, nani kakwambia upange upya maelezo yangu?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa mbona hoja ya nne imekuwa ya tatu?"

"Niliona ya nne ndiyo inajibu swali la ya pili. Nikaisogeza karibu."

Aliisoma akiwa amesimama. Nilikuwa na hakika nimefukuzwa kazi. Alipomaliza alisema, "Kesho uje darasani. Utakaa nyuma, utashika saa." Ndivyo nilivyoingia kwenye somo hili, na ndivyo nilivyopata kile kiti cha nyuma. Jinsi nilivyopanda kutoka kushika saa mpaka kutoa alama ni habari ya mafaili, siiandiki hapa. Mzee Rwegasira alibaki mbele akifundisha, mimi nikabaki nyuma nikipima.

Vifaa vyangu mnavijua, vipo kabatini. Saa ya kupimia muda, ya kubonyeza kwa kidole gumba. Kadi za manila nilizopaka rangi mwenyewe: ya kijani ikiinuliwa mzungumzaji ajue anaendelea vizuri, ya njano ajue muda unakaribia kwisha, nyekundu akae chini hata kama yuko katikati ya neno. Penseli nilikuwa naifunga kwa uzi kwenye mkono wa kiti, maana wanafunzi wa chuo huazima penseli kama watu wanavyoazima moto. Na karatasi ya tathmini, ambayo niliitengeneza mimi kwa kutumia maelezo ya mzee: utangulizi, mtiririko wa hoja, sauti, macho, mikono, muda, hitimisho. Nilikuwa najivunia karatasi ile. Ushauri wangu wa kikazi kuhusu vifaa ni huu: bonyeza saa mzungumzaji anapofungua mdomo, si anaposimama, maana wapo wanaosimama kwa muda mrefu sana kabla ya kufungua mdomo. Nawafahamu vizuri watu hao.

Kwa sababu ukweli ni kwamba mimi sikuwahi kusimama mbele ya watu. Darasani Mzee Rwegasira ndiye aliyesema, mimi maoni yangu niliyatoa kwa maandishi, na mwanafunzi akiniuliza swali nilimjibu, "Soma maoni." Alipofariki baba yangu, huko Kisesa, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kusema kwa niaba ya familia. Nilisema nina mafua. Mdogo wangu Luhende akasimama akasema, na alisema vizuri, nami nikiwa nimekaa nyuma ya waombolezaji nikajikuta nahesabu makosa yake ya mtiririko. Wageni walimsifu. Kuanzia hapo, kila msiba na kila harusi, Luhende ndiye aliyeinuka, na hakuna aliyeniuliza tena.

Kwa miaka mingi hakuna mwanafunzi aliyeliona hilo, au kama aliliona alinyamaza. Wanafunzi wa zamani walitumwa na vyama vyao, walilala bwenini, walikula walichopewa, na waliogopa kadi nyekundu kama polisi. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaanza kufika vijijini na malori yao, vyama vingine vikafunga maghala, na chuo kikaambiwa kitafute wanafunzi wake chenyewe. Tukaanza kupokea kila mtu: waliopunguzwa kazini, wafanyabiashara, wazee waliotaka kugombea udiwani sasa kwa kuwa vyama vya siasa vimekuwa vingi. Watu hawa walikuwa wamejilipia ada. Mtu aliyejilipia ada anauliza maswali.

Wa kwanza kunigusa hapo kwa swali alikuwa Shija, mfanyabiashara wa dagaa, mtu mnene mwenye kicheko. Alisimama darasani ameshika karatasi yangu.

"Mwalimu, kwenye macho umenikata. Umeandika, 'Haangalii hadhira.'"

"Ndiyo."

"Nauliza tu kwa kujifunza. Wewe ulijuaje, wakati mwenyewe ulikuwa unaangalia karatasi?"

Darasa zima liliangua kicheko. Hata Mzee Rwegasira alijifanya anatafuta chaki.

"Soma maoni," nikasema.

"Nimeyasoma, mwalimu. Ndiyo maana nauliza."

Mwingine aliyekaa upande wa dirishani akasema, "Siku moja mwalimu atuonyeshe na yeye, tumshikie kadi." Nilitazama saa yangu na kusema muda umekwisha. Muda ulikuwa haujakwisha.

Katika darasa hilohilo alikuwamo Minza. Alikuwa msichana mwembamba, karani msaidizi wa chama cha msingi cha kijijini kwao, mbele ya Kisesa. Katibu wao alikuwa ameondoka kwenda kumfanyia kazi mnunuzi binafsi, akaondoka na uzoefu wake wote. Wanachama walimtaka Minza ashike nafasi ile, lakini mwenyekiti alikuwa na mpwa wake, na mwenyekiti alisema wazi kwamba bila cheti cha chuo hatamsikiliza mtu. Kwa hiyo cheti kile ndicho kilichokuwa mlango wake. Katika masomo ya hesabu na ghala hakuwa na tatizo. Tatizo lake lilikuwa somo letu, na sheria ya chuo ilisema anayeanguka mara ya pili katika somo lolote anarudi nyumbani.

Hotuba yake ya kwanza naikumbuka vizuri kuliko hotuba za watu mashuhuri. Alitakiwa kueleza namna ya kutunza mizani. Alipofika mbele hakuanza. Aliwaangalia wale wazee waliokuwa wamekaa safu ya kwanza, wanafunzi wenzake hao, lakini kwa umri ni baba zake. Akapiga goti kidogo, akaanza kumsalimu mmoja mmoja. "Shikamoo baba. Mmeamkaje huko Magu? Mvua imefika?" Na wazee, badala ya kukaa kimya kama hadhira inavyotakiwa, wakamjibu kwa ukamilifu, mvua, ng'ombe, mke aliyelazwa. Alipofika safu ya pili niliinua kadi ya njano. Aliiona, akaharakisha, akasema neno "mizani", nami nikainua nyekundu.

Alikuja kwangu na karatasi imekunjwa mara nyingi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umesoma maoni?"

"Nimesoma. Umeandika nimetumia muda wote kwenye salamu."

"Ndiyo. Mara ya pili ni mtihani wa kijijini. Ukifanya hivyohivyo utaanguka. Kata salamu."

"Nikate zote, mwalimu?"

"Zote."

"Hata za wazee?"

"Hoja kwanza. Watu wana shughuli zao."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aingie nyumba ya watu kupitia dirishani. Lakini alikuwa mwanafunzi mtiifu. Akasema, "Sawa, mwalimu. Asante."

Mtihani wa kijijini ulikuwa hivi: mwanafunzi anazungumza na wakulima halisi, katika kijiji kisicho chake, na mpimaji anampima bila kuingilia. Siku hiyo tulikwenda na pikapu ya chuo, mimi, dereva, Minza na Shija, ambaye mtihani wake ulikuwa umepangwa kijiji cha mbele. Wakulima walikuwa wamekusanyika mbele ya ghala la pamba, wengine wamekaa kwenye jukwaa la saruji la mizani, kina mama upande wa kivuli cha ukuta. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametutengea viti mbele, vimefutwa vumbi. Nilimshukuru, nikachukua changu, nikakibeba mpaka nyuma kabisa ya watu. Niliwaona wakigeuka kunitazama. Sikulijali, kiti cha mpimaji ni cha nyuma. Nikafunga penseli yangu kwa uzi, nikaweka karatasi kwenye goti, nikashika saa.

Minza alisimama. Aliangalia zile nyuso, na niliona goti lake likianza kukunjika, kisha likanyooka. Akakumbuka maneno yangu.

"Ndugu wananchi," akasema, "leo nitazungumza mambo matatu kuhusu kupima pamba. Jambo la kwanza."

Nilibonyeza saa. Niliandika: utangulizi mzuri, mfupi. Nikaandika kuhusu sauti. Nilipoinua uso kuangalia mikono yake, mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alikuwa hayupo. Nikaandika kuhusu mikono. Nilipoinua tena, jukwaa la mizani lilikuwa na nafasi. Wanaume walikuwa wanaondoka, si kwa kelele, mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kwamba wameacha kitu nyumbani. Kijana mmoja alipita nyuma ya kiti changu akichungulia karatasi, akamwambia mwenzake, "Anaandika kweli."

"Majina?"

"Sijui. Kaandika mengi."

"Nilikwambia. Mtu aliyekataa kiti cha mbele huyo. Mtu wa kodi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nyie vijana huenda mmesahau jinsi watu wa kodi ya maendeleo walivyokuwa wakija magulioni na kwenye mikutano, mmoja anasema mbele, mwingine kakaa nyuma na karatasi akiangalia nani yupo. Na nani huanza kusema na watu wazima bila kuwasalimu, tena kwa "jambo la kwanza"? Watu wa serikali tu. Mimi ndiye niliyemfundisha aanze hivyo, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma na karatasi. Pamoja, tulikuwa tumetengeneza msako kamili.

Minza aliendelea na jambo la kwanza huku akiwatazama wanaoondoka. Sauti ilipungua. Kisha akanyamaza. Ilibaki safu ya kina mama na wazee wachache wasioweza kutembea haraka. Alinitazama juu ya vichwa vyao, na alisema kwa heshima ileile ya siku zote:

"Mwalimu, tafadhali. Simama uwaambie wewe ni nani."

Sheria inasema mpimaji haingilii. Lakini si sheria iliyonizuia. Nilisimama. Kwa mazoea ya mkono, kidole gumba kilibonyeza saa, ikasimama. Watu wote waligeuka. Walioanza kuondoka wakasimama walipokuwa, wakisubiri. Kilichohitajika kilikuwa sentensi moja: mimi ni mwalimu wake. Nilikuwa nayo kichwani, imepangika, ina mwanzo na mwisho. Nilifungua mdomo, nikasema, "Mimi." Halafu hakikutoka kitu. Nilisikia upepo kwenye bati la ghala. Nilimwona Shija, mtu wa vicheko, akiangalia chini. Nikasema tena, "Mimi." Jasho likanidondokea kwenye karatasi ya tathmini, juu ya neno sauti.

Bibi mmoja upande wa kina mama akauliza kwa nguvu, "Ni bubu?"

"Hapana mama, ametaja mimi," akamjibu aliyekaa karibu naye.

"Mimi nani sasa?"

"Hajafika hapo."

Wakaanza kucheka. Mzee mmoja mwenye fimbo akasema, "Basi huyu si mtu wa kodi. Wale wana midomo." Kicheko kikawa kikubwa, na wale waliokuwa njiani wakarudi kujua kinachochekwa. Hivyo ndivyo nilivyotoa mchango wangu katika mkutano ule. Nilikuwa bado nimesimama, maana hata kukaa sikuweza.

Minza hakucheka. Alitoka pale mbele akaja mpaka kwenye jukwaa, karibu na watu, akapiga goti mbele ya yule mzee mwenye fimbo. "Mwangaluka, baba," akasema, salamu ya asubuhi ya kwetu. Mzee akamwitikia, akamuuliza yeye ni wa wapi, binti wa nani. Akamjibu. Akamsalimu wa pili, na yule bibi, naye bibi akamwita "mayu", kama mama anavyoheshimiwa kwetu, ingawa alikuwa mjukuu kwake. Alizunguka hivyo mpaka watu wakakaa. Kisha, akiwa palepale katikati yao, akasema:

"Yule ni mwalimu wangu. Msimcheke sana, mtaninyima cheti. Ile karatasi anaandika makosa yangu mimi, si majina yenu. Nikikosea kuwaeleza mizani leo, narudi kwetu na jembe."

"Basi eleza mama," mzee akasema, "tusikurudishe."

Akaeleza. Alimwita mkulima mmoja akapandishe gunia la mchanga, akaonyesha kidole cha mnunuzi kinavyoweza kukaa chini ya mizani bila kuonekana, na watu wakasukumana kuona. Walimuuliza maswali, akajibu. Wakati fulani katikati ya hayo nilikaa. Kadi zilikuwa mkononi mwangu na sikuinua hata moja. Saa ilikuwa imesimama pale nilipoisimamisha.

Tulipanda pikapu kwenda kwenye mtihani wa Shija, tukafika barabara kuu. Kisha Shija akasema polepole, bila ubaya, "Mwalimu, ila macho uliyatoa vizuri sana." Minza akamwambia, "Shija, acha." Na hilo la kutetewa lilinichoma kuliko kuchekwa.

Sasa mnaojua sheria za mitihani mmeshaona tatizo. Hotuba isiyopimwa muda haina alama. Ilikuwa sheria ya Mzee Rwegasira, na mimi mwenyewe ndiye niliyeichapa, nikaipigia mstari. Minza alikuwa amezungumza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpima, na kwa sheria yangu alikuwa hajazungumza.

Kikao cha mitihani kilifanyika chumba cha walimu. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya maandishi, kurasa mbili safi, yenye vichwa vidogo. Yalisema kwamba muda haukurekodiwa "kutokana na hali iliyojitokeza uwanjani." Lilipofika jina la Minza, niliyasukuma juu ya meza kwa mkuu wa chuo. Alikuwa kijana kwangu, ameletwa karibuni kukifanya chuo kijitegemee. Alisoma mistari michache.

"Hali gani iliyojitokeza?"

"Ipo ukurasa wa pili," nikasema.

Mwalimu wa uhasibu akasema, "Mkuu, sheria ipo wazi. Hakuna muda, hakuna alama. Ameanguka mara ya pili. Tukianza kupindisha, watu watasema vyeti vyetu ni ruksa kama kila kitu siku hizi."

Mkuu akanirudishia karatasi zangu. "Mwalimu Bundala, wewe ni mwalimu wa kuzungumza. Zungumza."

Nilimtazama Mzee Rwegasira aniokoe. Alikuwa anakoroga chai. Naamini aliijua hofu yangu miaka yote, tangu siku ile aliponiweka nyuma na saa. Labda aliniweka pale kwa kunihurumia. Hakuinua uso.

Nilisimama. Jasho lilianza kunitoka kama kule ghalani. Nikafikiri, nikikaa sasa, mpwa wa mwenyekiti amepata kazi. Sikuwa na sentensi yoyote kichwani. Nilichokumbuka ni goti la Minza. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo kwenye karatasi yangu linakatwa alama. Nikamgeukia Mzee Rwegasira nikasema, "Shikamoo, mzee."

Alishtuka. "Marahaba."

Nikamsalimu mkuu, nikamuuliza habari za watoto. Nikamsalimu mwalimu wa uhasibu, ambaye tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi, akanijibu kwa mashaka. Nikafika kwa Mama Sofia, aliyekuwa anakusanya vikombe na si mjumbe wa kikao. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akasimama na trei yake. "Haya, sema."

Nikasema. Niliwaeleza kiti nilichokikataa, karatasi, watu wa kodi, na ushauri wangu wa kukata salamu. Niliwaeleza kwamba niliombwa kusema mimi ni nani nikashindwa, kwamba saa niliisimamisha kwa mkono wangu kwa hofu, na kwamba mwanafunzi aliokoa mkutano uliokuwa umevunjwa na mpimaji. Nilipofika kwa yule bibi aliyeuliza kama mimi ni bubu, mwalimu wa uhasibu alicheka chai ikampalia. Sikuweza kuwatazama. Nilisema yote nikiangalia kalenda ukutani, mikono mifukoni. Nilipomaliza sikuwa na hitimisho. Nikasema, "Ni hayo," nikakaa.

Kisha Mzee Rwegasira akaweka kijiko mezani.

"Salamu, ndefu," akasema, kwa ile sauti yake. "Macho, hakuna. Mikono, mifukoni. Hitimisho, hakuna. Muda, umezidi sana." Akamgeukia mkuu. "Binti apewe cheti. Sheria ya muda niliitunga mimi, na leo Bundala sikumpima kwa saa, lakini wote mmemsikia."

Minza alipata cheti chake na nafasi yake. Alikuja kuniaga, akapiga goti, nami sikujua niangalie wapi. Alisema, "Asante kwa kunisemea, mwalimu." Alikuwa amesikia. Chuo kizima kilikuwa kimesikia, kwa muhula mzima wanafunzi wakipishana nami verandani waliitana, "Wewe, mimi nani?" na kukimbia. Niliwaacha. Walikuwa sahihi kuuliza.

Baada ya hapo nilibadilisha mambo mawili, nanyi naomba msiyaondoe. Kwenye karatasi ya tathmini, saa haianzi mpaka salamu ziishe. Na siku ya kwanza ya kila darasa jipya, kabla mwanafunzi yeyote hajapanda mbele, mwalimu anapanda yeye, na wanafunzi wanashika kadi. Nimefanya hivyo mpaka mwisho, na sikuwahi kuzoea. Kila mara niliona aibu ileile, mbichi, na kila mara niliona darasa likishusha pumzi. Darasa langu la mwisho liliandika: macho, anaangalia dirisha, mikono, inatetemeka, salamu, nzuri. Jumla waliandika neno moja, arudie. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya kustaafishwa, kwa hiyo sikurudia.

Juzi tumemzika shangazi yangu huko Kisesa. Ulipofika wakati wa kusema kwa niaba ya familia, msimamizi wa msiba hakunitazama hata kidogo, akamwita Luhende. Luhende akaanza kuinuka, anafunga kifungo cha koti. Nilimshika koti kwa nyuma. Akageuka, akidhani nimeangusha kitu.

"Kaa," nikamwambia.

"Una mafua, kaka?"

"Sina."

Akakaa. Nikatoka kwenye kiti cha nyuma nikapita katikati ya watu mpaka mbele, nikaanza na wazee, mmoja mmoja.